Pazia la Upande wa Friji

Kajiado,
Jumatatu, 24 Novemba 2025

Kwa binti yangu Syokau,

Nakusalimu. Mimi ni mzima, isipokuwa goti la kushoto ambalo unalijua. Naserian hajambo? Kile kikohozi chake kiliisha? Natumaini na baba yake yuko salama, ingawa kumtaja leo kunaniwasha masikio kwa aibu.

Simu zako nimeziona. Zilikuwa kumi na moja kufikia jana baada ya kanisa. Sishiki. Kwa simu wewe hunikata maneno, na nikianza kukasirika vizuri unasema mtandao ni mbaya, unazima. Karatasi haizimwi. Barua hii nimempa Namunyak ailete pamoja na maziwa yako ya asubuhi, na nimemwambia asitoke hapo Noonkopir kabla hujaisoma yote mbele yake.

Sasa niambie. Pazia liko wapi?

Jumamosi nilikuja na mfuko wa mbaazi mbichi, na ndani yake sweta ya Naserian niliyomshonea. Nikapitia mlango wa jikoni kama nilivyopitia miaka sita tangu uolewe. Sikupiga hodi kubwa kwa sababu sijawahi kuhitaji. Upande ule wa friji na meza ndogo ni wangu. Upande ule mwingine ni wa mwenye nyumba. Katikati kuna pazia. Mimi huweka mzigo mezani, nakohoa kidogo, na Ledama akiwa huko kwake ananiamkia, "Paker, takwenya." Namjibu, "Iko." Kila mtu anabaki kwake na heshima yake, na chai inakuja.

Basi nikakohoa, nikainua macho. Hakuna pazia! Naona mpaka ukuta wa televisheni. Na hapo katikati ya zulia jipya, mkwe wangu, mtu aliyeniletea kondoo kwa mkono wake mwenyewe ndiyo tukaanza kuitana Paker, amekaa chini bila shati, amevaa kaptura ya mpira, sahani ya ugali iko mapajani na tonge liko njiani kwenda mdomoni.

Mimi nikaganda. Yeye akaruka. Angeenda wapi? Mlango wa chumba umeuziba na hilo kochi lako jipya lenye kona, mlango wa mbele ni mbali. Akaingia nyuma ya mti wa Krismasi. Syokau, Ledama ni dereva wa lori la maji, akiingia mlango wowote anainama. Mti wako wa plastiki unamfika kifuani. Alisimama huko nyuma, taa zinamwakia tumboni, nyekundu, kijani, nyekundu, kijani, na mkononi bado ameshika ugali.

Nilitoka. Mbaazi niliziacha kwa ngazi. Nimerudi Kajiado bila hata maji ya kunywa, nimefunika uso na leso njia nzima kama mwizi.

Wewe ni Mkamba. Umeolewa na Mmaasai. Mambo mengi watu wetu na watu wake wamebishania tangu zamani, lakini hili hatujawahi kubishania hata siku moja: mama mkwe na mkwe wake hawatazamani wakila, sembuse bila shati. Ulikuwa hujui? Ama hizo video unazotazama saluni zimekufundisha kwamba nyumba ikipendeza watu waliomo waweza kuvuliwa nguo?

Baba yako tulimzika Februari. Novemba wewe unashusha pazia. Angekuwa hai ungethubutu?

Krismasi siji mpaka nisikie limerudi mahali pake.

Ni mimi mama yako,
Mukonyo


Noonkopir, Kitengela,
Alhamisi, 27 Novemba 2025

Mama,

Habari ya Kajiado na ya hilo goti? Sisi hatujambo. Kikohozi cha Naserian kiliisha, asante kwa kuuliza.

Barua nimeisoma mbele ya Namunyak kama ulivyoagiza. Alikaa kwa kochi langu jipya na gambuti zake za maziwa, akawa ananichungulia usoni kila nikigeuza ukurasa, mpaka nikashindwa kujizuia nikamsomea pale pa mti. Alicheka akamwaga chai. Kufikia saa nne Noonkopir yote ilijua Ledama alijificha nyuma ya mti wa Krismasi. Jana mteja wake mmoja alimwuliza kama lori lake nalo limefungwa taa.

Mbaazi zililiwa na kuku wa Mama Kiragu, jirani wa nyuma. Sweta ilipona.

Na mimi nimekasirika, mama, kwa hivyo usidhani uko peke yako.

Nimehangaika na hiyo sebule tangu Septemba. Natoka saluni miguu imevimba kwa kusimama nikisuka watu, napanda stuli napaka ukuta. Nimepaka rangi ya krimu. Madirishani nimetundika mapazia mepesi meupe. Nimetandika zulia la manyoya, nimepanga mito, nimepitisha taa ndogo ndogo kutoka juu ya televisheni mpaka mlangoni. Kwa mti nimebandika pamba kwenye ncha za matawi, vile baba alikuwa anabandika kwa lile tawi lake la msaiprasi kwenye debe la mchanga. Kadi zote za Krismasi alizowahi kutuandikia nimezitundika kwa uzi, moja moja. Ukiingia unasikia umekaribishwa. Wasichana wa saluni walikuja wakapigia picha hapo. Wewe ulikuja ukaona nini? Pazia.

Na pazia lenyewe lilikuwa la kahawia, lenye maua ya njano. Lilikata chumba mara mbili kama zahanati. Mtu akiingia anauliza daktari yuko upande gani.

Lakini sikulitoa kwa sababu ya rangi. Nililitoa kwa sababu ya picha.

Unakumbuka Krismasi iliyopita niliegemeza simu kwa televisheni ikatupiga sote? Hatukujua ni ya mwisho kwa baba. Mwaka huu nimeikuza nikaitia fremu. Baba yuko hapo na kofia yake ya karatasi, amekaa kiti cha karibu na pazia, Naserian amelala mapajani mwake. Ledama ameketi wima kana kwamba ameitwa na chifu. Mimi nimefumba jicho moja. Na wewe? Wewe ni viatu. Chini ya pazia kunaonekana viatu vyako vya kanisa, na hapo ndipo mama yangu anapoishia. Picha ya mwisho ya wazazi wangu wakiwa pamoja, na mmoja wao ni viatu!

Miaka sita umekula Krismasi kando ya friji ukitazama chupa ya kechapu. Hiyo ni heshima ya aina gani? Mama Kiragu anakaa kochi moja na mkwe wake, wananyang'anyana rimoti, na Jumapili wote wawili wanashiriki meza ya Bwana bila shida. Mimi sitaki mama yangu awe viatu. Nimepamba hicho chumba ili ukae ndani yake, katikati, mahali pa taa, uonekane.

Pazia sirudishi. Na Krismasi utakuja.

Mwanao,
Syokau


Kajiado,
Jumatatu, 1 Desemba 2025

Syokau,

Nimepokea salamu zako. Goti liko vile vile. Huku jua ni kali na sare za shule za Januari ninazoshona zimejaa mezani, kwa hivyo nitaandika upesi, lakini nitaandika.

Barua yako niliisoma mara ya kwanza nikiwa nimesimama kwa hasira. Mara ya pili nilikaa.

Mama Kiragu na mkwe wake wafanye kwao wanavyofanya. Mimi sikuzaliwa kwao.

Nani alikuambia nilikuwa natazama kechapu? Uliwahi kuniuliza? Ama uliamua tu kwamba mtu akikaa kando ya friji lazima anaonewa? Unanihurumia kwa jambo ambalo sikukulilia, halafu unalivunja, halafu unataka asante!

Wacha nikuambie yaliyokuwa yanaendelea kwa hilo pazia, kwa sababu wewe siku zote uko jikoni ukipiga kelele za sufuria.

Mimi na Ledama tumezungumza kupitia pazia lile kuliko nilivyozungumza na watoto wangu wote. Mambo ya mvua, mambo ya lori, mambo ya ng'ombe wa baba yake huko Loitokitok. Nyinyi mliniambia mnataka kumwita mtoto Naserian; yeye aliniuliza kwanza, kupitia pazia, kama sitaumia jina likiwa la upande wake. Ulijua? Hukujua.

Na baada ya mazishi, zile wiki tatu nilizokaa kwako, kila jioni akishaegesha lori alivuta kile kiti cha baba yako akakaa hapo upande wake. Mimi niko huku. Alikuwa ananisimulia habari za mzee nisizozijua. Vile lori lilikwama kwa matope huko Tuala, na mzee, aliyekuwa amepanda tu lifti kurudi kutoka kanisani, akashuka na viatu vya Jumapili akasukuma. Vile mzee alimfundisha kurudisha lori nyuma bila kuangalia upande mmoja tu. Akasimulia, akasimulia, halafu siku moja katikati ya kisa nikasikia anapenga kamasi. Na mimi nilikuwa nalia pia. Tulilia hivyo mpaka chai ikapoa. Mkwe na mama mkwe hawawezi kulia wakitazamana, Syokau. Mmoja angelazimika kutoka nje. Pazia lilikuwepo, kwa hivyo hakuna aliyetoka.

Wewe unaona lilimficha mama yako. Mimi nilipata mtoto wa kiume kwa sababu yake.

Na hiyo picha unayoililia, itoe kwenye fremu uiangalie vizuri mahali pa mwangaza. Mkono wa kushoto wa baba yako umemshika mtoto. Wa kulia uko wapi?

Nitakuambia. Kila Krismasi wewe unampa baba yako firigisi ya kuku, kwa sababu ndiye mzee wa nyumba, na huo ndio utaratibu. Na kila Krismasi, tangu tulipooana mpaka mwaka jana, baba yako aliipitisha kwangu. Nyumbani aliificha kwa ugali. Kwako alikuwa anaitia kwenye kisahani anakisukuma chini ya pazia. Hatukuwahi kumwambia mtu. Miaka thelathini na nane sijawahi kukosa firigisi, na yeye sidhani alijua hata ladha yake.

Rudisha pazia langu.

Mama yako,
Mukonyo


Noonkopir,
Jumatano, 3 Desemba 2025

Mama mpendwa,

Natumaini umeamka salama. Sisi tumeamka, lakini kulala mimi sikulala.

Nimeitoa picha kwenye fremu nikaenda nayo dirishani. Ni kweli. Mkono wa kulia unashuka kando ya kiti, halafu unaisha kwa pazia. Vidole havionekani. Viko upande wako. Nimeiangalia hiyo picha kila siku tangu Machi na sikuwahi kuhesabu mikono ya baba.

Miaka yote hiyo! Ni mimi nilikuwa nachakura sufuria nikitafuta firigisi ya baba. Nilimnyima Ledama. Mwaka juzi nilimchapa Naserian kofi la mkono kwa kuigusa, nikamwambia ni ya babu! Nimewakasirikia watu wawili, na mmoja siwezi kumwambia.

Mama, kuna jambo. Nimeandika sentensi hii mara nne nikiipasua.

Pazia siwezi kulirudisha kwa sababu nimelikata. Mito minne iliyo kwenye kochi ni lile pazia. Kile kitambaa cha kuzungushia chini ya mti pia ni lile. Nilitumia upande wa ndani nje, ndiyo sababu hukulitambua. Nilidhani ni vizuri. Nilidhani utakuja ukalie mto uliotoka kwa mkono wako, na nikuambie, na ucheke.

Usinyamaze, tafadhali. Ni afadhali ugombe.

Mwanao,
Syokau


Kajiado,
Ijumaa, 5 Desemba 2025

Kwa Syokau.

Salamu nimepata.

Ulilikata na makasi gani? Ya nywele?

Kitambaa kile nilikishona wiki ya harusi yako. Kanyagio la cherehani lilikuwa limevunjika, nikawa nazungusha gurudumu kwa mkono huu, baba yako akinishikia kitambaa kisiburute. Pindo nilishona mara mbili ili lisifumuke hata mkizeeka nalo. Wewe umelikalia.

Krismasi nitakula hapa Kajiado. Nina kuku wangu, nina meza yangu. Msitume mtu kunichukua.

Mwambie Naserian sweta ikimbana mabegani nitaipanua.

Mama yako.


Noonkopir,
Jumatatu, 15 Desemba 2025

Mama,

Habari ya siku nyingi? Goti? Sare zimeisha?

Siku kumi sijapata karatasi kutoka kwako. Kila asubuhi namwuliza Namunyak, naye anageuza mfuko wa nailoni juu chini kunionyesha kwamba kuna maziwa tu. Simu hushiki. Basi utanisoma.

Nataka kukushtakia mkwe wako. Tangu ile Jumamosi hakai sebuleni. Anaingia na mlango wa jikoni, anachukua sahani, anaenda kula kwenye lori. Kwenye lori, mama! Nimetengeneza chumba kama cha watu wa gazetini, na mwenye nyumba anakula akiegemea usukani, majirani wakimpungia mkono. Mimi na Naserian tunakaa huku ndani wawili kwa kochi la watu wanane, taa zinatuwakia. Ijumaa mtoto aliniuliza nani alikufa tena.

Jana nikamfuata huko kwa lori nikamfokea. Nikamwambia nimechoka na nyinyi wote wawili na aibu zenu. Aliniacha nikamaliza. Halafu akasema, "Wewe unataka mama akuwe kwa picha. Sawa, ni mama yako, uko na haki. Lakini nikikaa na yeye hivyo, uso kwa uso, mimi nitamwongelesha aje? Nitanyamaza tu mpaka aende. Hiyo kitu ulikata haikuwa kitambaa, ilikuwa ni mdomo yangu."

Nilikuwa nimeenda kugomba na nikarudi na sahani mkononi.

Ameniambia niandike haya vile anasema, nisiongeze:

"Paker, takwenya. Ni mimi Ledama. Ile Jumamosi wewe hukuniona na mimi sikukuona. Huyo mtu alikuwa nyuma ya mti hatumjui. Lakini nimetuma kondoo, ndiyo hiyo Namunyak ako nayo kwa pikapu, ni ya kike na haina kasoro. Usikatae. Mzee aliniachia kazi moja kwa hii nyumba siku ya Krismasi. Mimi nilikuwa nakaa karibu na yeye, nilikuwa naona, nikanyamaza. Hiyo kazi siwezi fanya kama hauko. Ni hayo tu, Paker."

Pamoja na kondoo kuna mfuko. Ni mito, nimeitoa sponji, pamoja na kile kitambaa cha chini ya mti. Nilijaribu kuunganisha vipande virudi kuwa pazia. Unajua mimi ni wa nywele, si wa sindano. Limekuwa fupi, linaishia magotini, na limejipinda upande mmoja. Nikalitundika nikaliangalia, nikakaa chini kwenye zulia langu zuri nikalia.

Sikukuuliza kama unaonewa. Ni kweli. Nilikuonea huruma bila ruhusa. Nisamehe makasi, mama, na uje.

Mwanao,
Syokau


Kajiado,
Jumamosi, 20 Desemba 2025

Syokau,

Nimesalimika. Wewe je, na mtoto?

Kondoo alifika. Ndani ya saa moja alikuwa amemaliza mstari wote wa sukuma wiki na kutafuna kola ya sare ya mtoto wa watu. Mwambie Paker wangu nimempokea, na kwamba huyo mtu wa nyuma ya mti mimi pia simjui. Lakini mkimpata, mwambieni avae shati.

Sasa mishono yako. Nimewaita mafundi wenzangu wawili waje waone. Mmoja ameuliza kama ulishona ukikimbia. Ulikuwa unapitisha uzi kwa kitambaa ama kwa mungu gani? Nilifumua kila kitu, jioni tatu, na kila uzi niliotoa nilikuwa nakutaja.

Kwenye mfuko huu kuna pazia. Juu nimeweka kitambaa cheupe, chepesi, kwa sababu umesema kuta ni krimu na madirisha ni meupe, na nisingependa watu wa saluni waseme mama yako ndiye aliyeharibu chumba. Chini nimezungusha vipande vya zamani, maua ya njano yakitazama nje kama nilivyokusudia tangu mwanzo. Taa zako zitapenya. Mtu hatapenya. Pindo ni mara mbili.

Urefu wake ni huo huo. Linaacha vidole vinne kutoka sakafuni. Usithubutu kulishusha wala kulipandisha.

Kadi za baba yako zisiguswe na mikono ya mafuta. Na hiyo pamba kwa mti, umeibandika na gundi? Baba yako alikuwa anailowesha tu kidogo na maji, ili baadaye irudi kwa sanduku la dawa. Hukumbuki?

Siku yenyewe nitakuja na Namunyak baada ya ibada, kwa mlango wa jikoni. Nikikohoa nijibiwe.

Bado nimekasirika.

Mama yako,
Mukonyo


Noonkopir,
Jumamosi, 27 Desemba 2025

Mama,

Ulifika salama? Goti lilisumbua njiani? Naserian amekuwa akiuliza Susu, nyanya yake, amerudi kwao lini, kwa nini hakubaki, na kwa nini hakumleta kondoo.

Nimekasirika tena, na safari hii usiniambie ninyamaze, kwa sababu ulikuwepo ukaona.

Miezi mitatu, mama! Rangi, zulia, kochi la watu wanane, taa kutoka televisheni mpaka mlangoni. Na Krismasi nzima watu wamekaa wapi? Kando ya friji! Naserian ndiye aliyeanza, alipita chini ya pazia kwa tumbo na sahani yake, na sweta mpya ikabeba mchuzi wote. Halafu Namunyak, eti anakuja kukupa chumvi. Halafu Mama Kiragu, aliyekuja mahususi kuona sebule yangu, aliitazama dakika mbili, akasema ni nzuri, akauliza, "Na nyinyi mnacheka nini huko?" Hakutoka tena. Mimi nilikuja kuwafukuza mrudi kwenye viti, nikajikuta nimekaa kwa kreti ya soda, kiwiko cha Namunyak kikiwa mbavuni mwangu, nikicheka pia. Meza ile ni ya mtu mmoja.

Na huko upande wa taa, Ledama peke yake kwa kochi la watu wanane, amevaa shati na tai, anaita, "Paker! Nirudishie watu wangu!" Na wewe unamjibu, "Iko," kana kwamba amekusalimu. Sijawahi kuona mama mwenye kiburi kama wewe.

Nilimpa firigisi. Unajua nilimpa, ulinisikia nikisema ndiye mzee wa nyumba sasa. Nilikutazama, mama. Macho yako yalikuwa sakafuni kabla hata kisahani hakijatokea chini ya pazia. Uliichukua ukaila polepole, na mimi nikageuka nikajifanya natafuta kechapu ndani ya friji, nikakaa humo na mlango wazi mpaka Mama Kiragu akauliza kama nimepotelea ndani.

Picha ndiyo hii, nimekusafishia yako. Simu niliiegemeza kwa hiyo chupa ya kechapu ijipige yenyewe. Wewe uko katikati. Mdomo umejaa, umenuna, na unaonekana kuanzia kilemba mpaka mikononi. Mimi safari hii nimefumba macho yote mawili. Nyuma yako pazia limeingiwa na mwanga wa taa na maua ya njano yamewaka. Na chini ya pazia kuna viatu viwili vikubwa vyeusi, na mkono wa kulia mpaka kifundo, bado haujarudi kwake.

Nimeitia fremu nikaitundika kando ya ile ya baba. Leo nimehamisha taa, nimezipitisha juu ya friji, na Ledama ameleta stuli mbili. Usije ukaniambia zinakuumiza macho.

Ameitazama hiyo picha muda mrefu, halafu akaniuliza kama na yeye anaonekana. Nimemwambia ndiyo.

Mwanao,
Syokau